Betri Aliyoichagua Mama

Mama yangu alichagua betri kwa kuinyanyua. Mimi nilikuwa nimejiandaa wiki nzima, nimesoma maoni ya watu mtandaoni, nimetazama video za wazungu wakichemsha kahawa porini, na nilikuwa na maswali ya kumtoa muuzaji jasho. Yeye hakuuliza chochote. Aliinama, akashika mpini, akainua, akaitua, akasema, "Hii."

Lakini nimeanzia katikati. Wacha nirudi nyuma.

Mama aliuza makaa Silanga, huko Kibera, karibu na bwawa, tangu mimi nikiwa mgongoni hadi nilipopata watoto wangu mwenyewe. Alinunua kwa gunia, akauza kwa mkebe. Vumbi la makaa lilikaa kwenye nywele zake, kwenye leso, mpaka kwenye ugali wetu. Jioni alipikia makaa yale yale ndani ya chumba kimoja, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi inayotoka bwawani. Alipoanza kukohoa tulisema ni homa. Alipoanza kusimama katikati ya njia akishika kuta za watu, tulisema ni uzee. Daktari ndiye aliyesema ukweli: mapafu yamechoka, na kuanzia sasa atahitaji mashine.

Mashine ya oksijeni ina kimo cha ndoo mbili zilizopandanishwa. Ina magurudumu manne na inanguruma kutwa nzima. Inavuta hewa hii hii ya kwetu, inaichuja, inampelekea Mama iliyo safi kupitia mrija unaoingia puani. Mitungi ya kujazwa tuliulizia, bei ikatushinda. Hii haitaki kujazwa popote, inataka stima tu, na yeyote aliyewahi kuishi Kibera anaijua tabia ya stima yetu. Huja ikipenda na huondoka bila kuaga.

Daktari alitupa kanuni moja. Mama akiwa ameketi, ametulia, anaweza kukaa bila mashine kwa muda mfupi. Kutembea bila hiyo, hapana. Kwa hivyo stima ilipopotea, mdogo wangu wa kike anayeishi naye alimkalisha wima kitandani, akampepea kwa mfuniko wa sufuria na kumwambia asizungumze. Kumwambia Mama asizungumze ni adhabu kuliko ugonjwa wenyewe. Mimi niko Kawangware, nina saluni yangu pale, na kila simu ya mdogo wangu ilipolia mikono yangu iliganda kichwani mwa mteja. Niliogopa. Sitaki kulificha hilo kwa utani. Niliogopa kwamba siku moja stima ingekawia, na Mama angetuondoka huku macho yake yakiwa kwenye balbu.

Nilimwomba ahamie kwangu.

"Kawangware stima haipotei?" akauliza.

Nikasema hupotea.

"Sasa nitoke kwa giza langu niingie kwa giza lako kufanya nini?"

Basi tukaamua kutafuta betri, si zile za kuchaji simu, bali hizi mpya zinazobebeka, zenye soketi kama za ukutani, ambazo muuzaji anaziita pawa stesheni na Mama anaziita betri tu. Ndugu walichanga, wanawake wa chama changu wakaongezea, na aliyetoa na asiyetoa nawaachia Mungu wao. Mimi nilitaka kubwa kuliko zote. Nilitaka betri ambayo stima ikipotea asubuhi, Mama apumue hadi jioni, nami nimalize kusuka kichwa cha mtu bila kukatizwa na simu.

Lakini Mama alikuwa na haja nyingine, na hakuificha. Alitaka kwenda kumwona Haboba.

Haboba ni nyanya kwa Kinubi, na ndivyo sisi watoto tulivyomwita kwa kuwaiga wajukuu zake. Mama alipofika Nairobi kutoka Magharibi, chumba cha kwanza alichopanga kilikuwa katika nyumba ya huyu mama, kule Makina, upande wa juu wa Kibera. Baadaye tulihamia Silanga, miaka ikaenda, lakini wao hawakuacha majina yao. Mama alimwita Mwenye Nyumba, naye alimwita Mama Mpangaji. Sikukuu ya Idd sahani ya kisra, mkate mwembamba wa Kinubi, ilishuka Silanga, Krismasi sahani ya kuku ikapanda Makina. Walipogombana, sahani ziliendelea kutembea ila bila salamu.

Sasa Haboba alikuwa kitandani, miguu imekataa, masikio nayo yamefunga nusu. Sauti ya Mama ilikuwa imebaki nyembamba kama uzi. Kwenye simu ilikuwa vichekesho na huzuni pamoja. "Nani?" "Ni mimi." "Nani huyo?" Mwishowe mjukuu anachukua simu kutafsiri, na Mama anakata, anabaki akitazama ukuta. Tangu mashine ije hawakuwa wameonana hata mara moja. Gari lingeweza kutuzungusha kwa barabara kubwa, lakini kwa Haboba lingetuacha mbali na mlango, na ile sehemu ya kutembea ndiyo iliyokuwa haiwezekani.

"Betri ikija, nitaenda kumwona," Mama alisema. "Aliniona nikiwa sina kitu. Mimi nitamwona akiwa hana miguu. Mgonjwa haonwi kwa simu."

"Tutaona," nikasema. Katika familia yetu, "tutaona" ni hapana iliyovaa nguo za Jumapili, na Mama alijua hivyo kwa sababu yeye ndiye aliyetufundisha.

Sasa, Nairobi hakuna mtu hununua kitu cha stima bila kukijaribu. Hata balbu. Unasimama pale kaunta, muuzaji anachomeka, inawaka, ndipo unatoa pesa, kwa maana ukishavuka mlango hamjuani tena. Mpango wangu ulikuwa kuzijaribu betri kwa taa ya dukani. Mama akasema taa haipumui. Kama ni yeye atakayeitumia, basi atajaribiwa yeye. Nilibisha, mdogo wangu akacheka, na asubuhi majirani wakambeba Mama kwa kiti hadi barabarani, tukajikuta ndani ya teksi, mashine kwenye buti, Mama kiti cha mbele, dirisha wazi, midomo imefungwa. Kwa mara ya kwanza maishani alitii agizo la kunyamaza, kwa sababu alikuwa na safari.

Duka lilikuwa mjini, katika mitaa ile ya redio na nyaya. Muuzaji alikuwa kijana mwenye spika moja sikioni.

"Karibuni sana, madam. Mnataka ya nyumba ama ya camping?"

"Ya mama yangu," nikasema.

Akageuka, akamwona Mama ameshika fremu ya mlango akitafuta pumzi, mdogo wangu nyuma yake akivuta mashine. Yule kijana akaitoa ile spika sikioni. Akaleta kiti chake mwenyewe, akachomeka mashine ukutani, akasubiri mpaka kifua cha Mama kilipotulia. Nimewasema vibaya wauzaji wengi maishani mwangu na sitaacha, lakini huyo nimemtoa kwenye hesabu.

Alianza kutueleza. Kila betri ina namba mbili zinazohusika, na watu wengi hutazama moja tu. Moja ni nguvu inayoweza kutoa kwa mara moja, nyingine ni kiasi ilichobeba tumboni. Nilielewa kwa jerikeni: kuna upana wa mdomo na kuna ukubwa wa tumbo. Jerikeni kubwa yenye mdomo mwembamba haiwezi kumjazia mtu mwenye haraka. Na mashine ya Mama ina haraka.

Ya kwanza ilikuwa ndogo na ya bei ya huruma. Kijana alipohamishia waya pale, mashine iliguna, ikalia mlio wa hatari, ikazima. Mama akatikisa kichwa. "Hii ina njaa kuliko mimi," akasema, na watu wawili waliokuwa wakitafuta chaja wakacheka, kisha wakaona aibu kwa kucheka, kisha Mama akawacheka wao.

Ya pili ilikuwa ndiyo. Kubwa, nyeusi, na magurudumu kama sanduku la safari. Mashine iliendelea kunguruma kana kwamba haijahamishwa. Kwenye kioo chake kulikuwa na makadirio ya muda, na muda wenyewe ulikuwa mrefu, saa juu ya saa. Nilipenda ile betri kama mtu anavyopenda nyumba asiyoweza kulipia. Nilishaona mahali itakapokaa, pale chini ya meza ya runinga. Nilishajiona nikisuka kwa utulivu.

Ya tatu ilikuwa na kimo cha mkebe mkubwa wa unga, na mpini juu. Nyuma yake walikuwa wamebandika picha ya hema kando ya ziwa, mwanamume na mwanamke wakitazama machweo kwenye viti vya kukunja. Hiyo nayo iliendesha mashine vizuri, bila mguno, ila kioo kikasema saa moja na dakika kidogo, basi. Karibu nasi alisimama dada mmoja mwenye miwani ya jua juu ya kichwa, amekuja kununua hiyo hiyo. Alikuwa anaenda Naivasha kulala kwenye hema. Akatuambia ni raha, unakaa kwenye giza, hakuna kelele, unapumzisha akili. Nikafikiria Silanga, tunavyopiga kambi kila waya unapoungua, tena bila kulipia geti. Ulimi uliniwasha. Lakini yule dada alikuwa ameinama muda wote ule akishikilia mrija wa Mama ili wapita njia wasiukanyage, kwa hivyo nikameza maneno yangu.

Hapo ndipo Mama alipoinyanyua ile ya hema. Mama huyu aliwahi kupakia magunia, na alishika ule mpini kama anayejua kupima kitu kwa mkono. Akaiinua, akaitua.

"Hii."

"Mama, hiyo ni ya kwenda kambi."

"Na mimi nataka kwenda."

"Hiyo itakupa saa moja! Stima ikipotea kutwa?"

"Hiyo kubwa stima ikipotea siku mbili, si nayo itakufa? Tena itafia ndani ya nyumba, hakuna mtu ataiinua. Hii, dada yako ataibeba apeleke Olympic, kwenye laini nyingine ya stima, kwa yule mama wa duka ichajiwe, mimi nikae wima nimngoje. Kubwa ni ya kunifunga. Mimi si ng'ombe."

Nilimgeukia mdogo wangu anisaidie. Mdogo wangu ni mpole, na wapole ndio wabaya, kwa sababu hujibu polepole na wana ukweli. Akasema, "Wewe unanunua ya kukutoa hofu. Yeye ananunua ya kutumia."

Niliudhika mpaka machozi yakanilenga, pale katikati ya duka la watu. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba mtu akifa kwa kukosa pumzi, nisiulizwe. Mama akanishika kidole, si mkono, kidole, kama alivyonishika nikivuka reli nikiwa mtoto.

"Mimi ndiye nitaivuta hiyo pumzi," akasema. "Niache nichague ya kuvutia wapi."

Kijana wa duka akakohoa kidogo. "Mathe amechagua, madam."

Tukanunua ya hema. Nilikasirika njia yote, na nilipofika Kawangware nikamkwaruza mteja kwa kitana.

Sitasema uongo, betri ilifanya kazi. Mara ya kwanza stima ilipopotea, mdogo wangu alichomeka, mashine ikaendelea, na akanipigia simu nisikie mngurumo tu. Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikalia, mwanamke aliyekuwa chini ya mashine ya kukausha nywele akanipa leso yake. Mara nyingine stima ilikawia kurudi, ikabidi betri ipelekwe Olympic, na Mama akaingoja ameketi wima, ikarudi ikamkuta salama. Lakini Mama hakuwa anahesabu ushindi huo. Yeye alikuwa anangoja siku ya kwenda Makina.

Tukapanga Jumamosi. Mdogo wangu alizungumza na mwanamume anayeuza maji kwa mkokoteni pale kwetu, naye akakubali kutupa mkokoteni na nguvu zake akimaliza mzunguko wa asubuhi. Wajukuu wa Haboba wakaambiwa, na Haboba akaagiza kisra. Hesabu ilikuwa rahisi. Betri iliyojaa ingetosha kwenda, kuketi kidogo, na kurudi.

Nilifika Silanga asubuhi hiyo nikiwa na kofia ya jua ya Mama mkononi. Nikatazama kioo cha betri. Ilikuwa nusu.

"Nani ametumia hii?"

Mdogo wangu akatazama sakafu. Stima ilikuwa imepotea jioni iliyotangulia, saa ile ya kupika. Ikarudi usiku, lakini hakuna aliyekumbuka kuichomeka betri hadi alfajiri. Wakati ule wa giza, majirani wa ploti nzima walikuwa wamebisha mlango, mmoja mmoja, na simu na chaja mkononi. Mama akawafungulia wote. Na mtu mmoja, ambaye hadi leo hajajitokeza, alichomeka runinga kwa waya mrefu ili wanaume waone mechi.

Ili mnielewe hasira yangu inabidi mwelewe na desturi yenyewe. Kwetu, jirani akikosa moto, huja na kipande cha bati kuomba kaa. Unalitoa kwenye jiko lako, jekundu, unampa, anakimbia nalo kuwasha lake. Hakuna anayemnyima mwenziwe kaa la moto, hata kama hamsemezani, na Mama kama muuza makaa alikuwa ndiye jiko la watu wote wa pale. Lakini kaa ukitoa moja, jiko lako linaendelea kuwaka vile vile. Mama alidhani betri nayo iko hivyo. Aliona simu zinawaka na mashine bado inanguruma, akaamini moto umegawanywa na haujapungua.

"Mama, hii si jiko! Kila mtu akichota inaisha!"

"Hukuniambia."

"Nilidhani unajua!"

"Ningejua vipi, nani kaniambia? Na hata ningejua, ningewaambia nini? Hawa ndio walinibeba mpaka hospitali kwa blanketi, wewe ukiwa Kawangware."

Nilikuwa natokota. Nikasema safari imekufa, tutangoja betri ijae, na kama ikijaa jioni basi ni wiki ijayo. Mama alikuwa tayari amevaa. Alikuwa amevaa gauni la kitenge ambalo hulivaa kwa harusi, kitambaa kichwani, mkoba mapajani, poda imempauka shingoni kwa sababu hakuweza kuinua mkono kuisambaza vizuri.

"Sawa," akasema. "Basi nenda wewe Makina ukamwambie siji. Si kwa simu. Simu hasikii. Nenda usimame mbele yake umwambie."

Nilitazama ile poda. Nikachukua kitambaa nikaisambaza, nikatoka nje kumwita mwenye mkokoteni.

Kiti cha plastiki tulikifunga kwa mipira ile ya kufungia jerikeni. Mashine tuliisimamisha nyuma ya kiti, tukaifunga pia, na betri ikakaa kati ya miguu ya Mama. Mwenye mkokoteni akavuta, mdogo wangu akasukuma, nami nikatembea kando nikishika mrija kwa mkono mmoja na kutazama kioo cha betri kama mama anayetazama maziwa jikoni. Katika kidole cha Mama kulikuwa na kile kibanio kinachopima hewa ya damu. Kwa hivyo nilikuwa na namba mbili za kuniua.

Watu walitoka milangoni. "Mathe, umenunua gari!" "Mama Makaa, unatuhama?" Vijana waliokaa kwenye kona wakasimama kuinua gurudumu lilipokwama mtaroni, wakalirudisha njiani, wakauliza kama hiyo betri inaweza kubeba muziki. Mama hakuwa na pumzi ya kujibu. Alipunga mkono kama mheshimiwa aliyepita bila kupingwa. Tulipopita mahali alipokuwa akiuza, mwanamke aliyepachukua sasa aliacha mkebe wake, akapangusa mkono kwenye leso na kumshika Mama mkono. Mama alitazama kila kitu. Sukuma wiki za kando ya bwawa, maghorofa mapya, mashimo yale yale ya zamani. Nilikuwa nimemzoea akiwa mtu wa kitandani, na nilikuwa nimesahau kwamba macho yake yana udaku kiasi hicho.

Tulipofika Makina nilifanya hesabu yangu. Ilibaki chaji ya kurudi na ya kusalimia tu. Nikajifariji kwamba tutachomeka mashine ukutani kwa Haboba. Mjukuu wake akatupokea mlangoni na kuniambia kwa unyonge, "Auntie, huku stima ndio imepotea saa hii."

Haboba alikuwa kwenye kitanda kando ya dirisha, amejifunika gurbaba, ile leso ya Wanubi, ya rangi ya machungwa, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Tulimketisha Mama kando yake, magoti yakigusa godoro, mashine na betri nyuma ya kiti.

"Salaam aleikum, Mwenye Nyumba," Mama akasema.

Haboba akakunja uso. "Ni gari gani hiyo imewashwa ndani ya nyumba?"

Chumba kilikuwa kidogo, na mngurumo wa mashine ukakijaza chote. Mama alijaribu tena. Haboba akanyoosha shingo, akasema hasikii, nani huyo. Nikapiga kelele mimi, nikamwambia ni Mama, ni Mpangaji wako. Akaitikia kwa kichwa, lakini alinitazama mimi. Mama akasema kitu kingine, nami nikarudia kwa sauti, na Haboba akanijibu mimi, nami nikamrudishia Mama. Ikawa simu ile ile, ila sasa wamekaa uso kwa uso. Niliona uso wa Mama unavyoanguka, nikatazama kioo cha betri, nikajisemea moyoni kwamba angalau wameonana, tule kisra twende.

Mama akanyoosha mkono nyuma ya kiti, akaizima mashine.

Nilishtuka. "Mama, chaji bado ipo. Usiibanie."

"Sibanii chaji," akasema. "Nyamaza. Nataka anisikie."

Kukawa kimya. Kwa mbali kuku walikuwa wakiparua mabati. Mama akainama, akaleta mdomo karibu na sikio la Haboba, akasema kwa ule uzi wake wa sauti, "Mwenye Nyumba. Umekonda."

Uso wa Haboba ukafunguka wote. "Mpangaji! Na wewe umenenepa. Unakaa tu?"

"Nakaa tu."

"Nani anakulipia nyumba?"

"Hawa watoto."

"Ulikuwa unachelewesha kodi wewe."

"Na bati lako lilikuwa linavuja."

Wakacheka, mmoja kwa kifua kibovu na mwingine kwa meno matatu. Nilikuwa nimesogea nyuma ya kiti, kidole kiko juu ya swichi, macho yako kwenye kibanio. Namba ilianza kushuka, polepole. Haikuwa imefika pale daktari alipotuambia tushtuke, lakini ilikuwa njiani kwenda huko. Mabega ya Mama yakaanza kupanda na kushuka. Mdogo wangu alinitazama kutoka mlangoni, na safari hii hata yeye alikuwa na hofu.

Haboba akaanza kusimulia siku Mama alipokuja kuuliza chumba. Sikuwahi kuisikia hadithi hiyo. Alisema alikuwa ameapa kwamba hapangishi watu wa makaa, kwa sababu wanachafua kuta. Akasema alitoka kumfukuza huyo mwanamke mlangoni, akamkuta amesimama na mtoto mgongoni, mtoto analia kilio cha kukauka, kile cha mtoto aliyechoka kuomba. Mtoto huyo ni mimi. Akasema, "Nikakuuliza, mtoto huyo anaitwa nani na anataka nini. Na wewe ukaniambia—"

Hapo akasita kuvuta kumbukumbu. Mama aligeuza shingo akanitazama. Midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Hakutikisa kichwa, hakuomba kitu. Alinitazama tu, na nilijua kwamba nikibonyeza, mngurumo utarudi, Haboba hatamsikia tena Mama, na hadithi itakatikia hapo.

Nikaondoa kidole kwenye swichi, nikakaa sakafuni karibu na miguu ya Mama, nikamwacha Haboba amalize.